Urithi wa Hispania: uukubali au uukatae? Mwongozo kamili kwa aliyeachiwa mali na madeni

Mimi sio wakili, kazi yangu ni kutafsiri, na nimekaa sana kwenye ofisi za manotario (wanasheria wa kuandika na kuthibitisha hati rasmi) hapa Valencia nikiwatafsiria ndugu zetu waliofiwa. Naandika hii manake simu ninazopigiwa ni zile zile. "Nilikataa urithi wa baba, mbona benki bado inanidai?" au "Tulimwachia kaka mkubwa kila kitu, sasa tunaambiwa kodi mara mbili." Ukiwauliza walifanyaje unakuta wamejikwaa pale pale walipojikwaa wenzao wa mwaka jana.

Mzizi wa tatizo ni mazoea. Kwetu, iwe mirathi ya Kiislamu au msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, deni la marehemu linalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu, kabla ya kugawa. Mali ikiisha mdai anasamehe au ananuna, lakini hakufuati wewe mfukoni. Kwa hiyo mtu anajiambia, potelea mbali, nikubali tu, kibaya zaidi nitapata sifuri. Hispania sivyo. Kifungu cha 1003 cha Código Civil, yani sheria ya kiraia ya Hispania, kinasema aliyekubali urithi bila masharti anabeba madeni yote ya marehemu, kwa mali ya urithi NA kwa mali yake mwenyewe. Yani mshahara wako, akaunti yako, kiwanja chako. Urithi wa Hispania unaweza kukutia hasi, na ndio maana kuna mlango wa kuukataa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Cheti cha kifo (certificado de defunción), kinatolewa na Registro Civil (ofisi ya usajili wa vizazi na vifo) na ni bure.
- Fomu ya ada inayoitwa modelo 790, ya kuombea vyeti viwili nitakavyoeleza hatua ya 3. Ada haifiki euro 4 kwa kila cheti.
- Pasipoti yako na NIE kama unayo. NIE ni namba ya mgeni, kama huna usiipaniki sasa hivi.
- Namba ya kitambulisho ya marehemu (DNI au NIE), bila hiyo kila dirisha litakurudisha.
- Cheti chako cha kuzaliwa au cha ndoa kinachoonyesha undugu wako na marehemu. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza kinahitaji mtafsiri wa kiapo (traductor jurado). Rafiki yako anayejua Kihispania hatoshi.
- Daftari. Kweli kabisa, daftari la karatasi, la kuandika nani alikwambia nini na tarehe gani.

## Hatua ya 1: Usiguse kitu

Hii ndio hatua inayowaangusha wengi, na inawaangusha ndani ya wiki ya kwanza, watu wakiwa bado kwenye matanga.

Sheria inatambua kukubali kwa aina mbili. Kuna kukubali kwa maandishi, alafu kuna kukubali kwa vitendo, yani umefanya kitu ambacho mwenye mali peke yake ndio angefanya. Huhitaji kusaini popote. Ukishakubali kwa vitendo hurudi nyuma, kifungu cha 997 kinasema uamuzi haubatilishwi, isipokuwa kwa mambo machache kama ulidanganywa au umejitokeza wosia ambao hukuujua.

Vitendo vinavyokuponza:

- Kuuza au kugawa gari la marehemu, hata likiwa bovu.
- Kutoa hela kwa kadi yake ya benki ukaitumia kwa mambo yako.
- Kupangisha nyumba yake na kupokea kodi ya pango.
- Kukaa na benki mkaanza kupanga jinsi *wewe kama mrithi* utakavyolipa deni.

Vitendo visivyo na shida ni vile vya kulinda mali isiharibike: kufunga maji, kubadilisha kitasa, kuzima umeme, kulipia mazishi. Kuhusu mazishi, usitoe keshi kwa kadi yake. Ipeleke bili ya kampuni ya mazishi benki yenyewe, mara nyingi wanailipa moja kwa moja kutoka akaunti ya marehemu, nawe unabaki msafi. Na kabla hata ya hapo uliza kama alikuwa na seguro de decesos, ile bima ya mazishi, wazee wengi hapa wanayo na hawakuwahi kumwambia mtu. Michango ya msiba na ya kusafirisha mwili haihusiki na urithi kabisa, ile ni hela ya watu.

Sasa kuna mila yetu ya kukaa baada ya arobaini na kugawana vitu vya marehemu. Picha, kanga, tasbihi, nguo, kwa kawaida hamna atakayekufuata kwa hivyo. Lakini dhahabu ni mali. Nilimtafsiria mama mmoja mtu wa pwani, pete na bangili za dada yake alizichukua siku ya pili "zisije zikapotea", nia nzuri kabisa. Notario akamuuliza ziko wapi. Akasema kwangu. Akamuuliza umemwambia nani. Kimya. Kifungu cha 1002 kinasema mrithi aliyechukua au kuficha mali ya urithi anapoteza haki ya kukataa. Bahati yake hakuwa ameuza hata moja, zikaorodheshwa mbele ya ndugu wote na zikafungiwa sehemu moja. Kwa hiyo ukichukua kitu ili kukilinda, kipige picha, kiandike, wajulishe wenzako siku hiyo hiyo.

Utajua umefaulu hapa kama mwezi baada ya msiba hakuna karatasi yenye saini yako inayokuita *heredero* (mrithi), na hakuna euro ya marehemu iliyopita kwenye akaunti yako.

## Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni sheria ya Hispania

Tangu tarehe 17 Agosti 2015 nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, Hispania ikiwemo, zinafuata kanuni namba 650/2012. Inasema, kwa kifupi, sheria ya urithi ni ya nchi ambayo marehemu alikuwa anaishi kwa kawaida alipofariki, labda kama kwenye wosia alichagua sheria ya uraia wake. Pasipoti peke yake haiamui. Mkenya aliyeishi Alicante miaka 20 akafia huko bila wosia, urithi wake ni wa sheria ya Hispania.

Alafu kuna mikoa yenye sheria zake. Hapa usichukulie poa:

- Aragón na Navarra: mrithi anawajibika kwa madeni mpaka pale mali aliyorithi inapoishia tu. Hofu kubwa ya huu mwongozo inapungua sana.
- Catalunya: kuna utaratibu wa kumtaka mrithi ajibu (nauelezea hatua ya 6), na ukinyamaza unahesabiwa *umekataa*. Kwingine chini ya Código Civil ukinyamaza unahesabiwa *umekubali*. Jibu moja la rafiki yako wa Barcelona linaweza kukuua ukiwa Murcia.

Kwa marehemu Mhispania wanaangalia vecindad civil yake, yani alikuwa wa sheria ya mkoa gani, sio lazima pale alipofia. Kwa mgeni aliyeishi kwenye hii mikoa swali ni gumu, hilo mpelekee notario na usijibu mwenyewe. Kuanzia hapa naongelea Código Civil ya kawaida.

## Hatua ya 3: Omba vyeti viwili kwa mpigo

Subiri siku 15 za kazi tangu kifo. Kabla ya hapo rejista haijajaa na utapata jibu la uongo. Alafu kwa ile modelo 790 omba Wizara ya Sheria vyeti viwili:

1. Certificado de Actos de Última Voluntad. Kinakwambia kama aliacha wosia na kwa notario yupi. Wosia wenyewe haumo, unaenda kwa huyo notario kuchukua nakala. Kama wosia ni zaidi ya mmoja, wa mwisho ndio unaoangaliwa.

2. Certificado de contratos de seguros de cobertura de fallecimiento. Kinaonyesha bima za maisha alizokuwa nazo.

Watu wanakiruka hiki cha pili kuokoa euro 4, na hapo nataka ukae kidogo. Benki za hapa zikikopesha hela ya nyumba mara nyingi zinamkatia mteja bima ya maisha inayolipa mkopo akifa. Familia inaona mkopo wa euro 60,000, inaogopa, inakataa urithi, kumbe bima ingelipa mkopo wote na nyumba ingebaki bila deni. Kukataa hakurudi nyuma. Usikatae urithi wowote wenye mkopo wa nyumba kabla hujakiona hiki cheti na kuiandikia kampuni ya bima.

Na jambo la pili, tamu zaidi. Kama wewe ndio umetajwa kupokea hela ya bima ya maisha, hiyo hela sio sehemu ya urithi. Sheria ya bima ya 1980 (Ley 50/1980, kifungu cha 85) inasema hata warithi wakikataa urithi wanabaki wapokeaji wa bima. Unaweza kukataa madeni na ukachukua bima, halali kabisa. Pensheni ya ujane nayo haiguswi, inatoka Seguridad Social (hifadhi ya jamii), sio kwenye urithi.

Kama hakuna wosia, warithi wanafuatana hivi: watoto na wajukuu, wakikosekana wazazi, kisha mume au mke, kisha ndugu na watoto wao. Mjane aliyebaki na watoto hapati umiliki, anapata haki ya matumizi ya theluthi moja, na hilo linawashangaza sana mashemeji zetu.

## Hatua ya 4: Chimba madeni

Mali inaonekana kwa macho. Deni limejificha, kwa hiyo lianze hilo.

Benki kuu. Omba ripoti ya CIRBE kutoka Banco de España, warithi wana haki ya kuiomba na ni bure. Inaonyesha mikopo ya marehemu kwenye mabenki, na, sikiliza vizuri, inaonyesha pia mikopo ya watu wengine aliyowadhamini. Udhamini unarithiwa. Marehemu hakuwa na deni hata moja lakini alimdhamini mpwa wake mkopo wa biashara, mpwa akishindwa wanakuja kwako.

Benki yake ya kila siku. Peleka cheti cha kifo na cheti cha wosia, omba certificado de saldos, yani salio la siku aliyofariki, pamoja na mikopo na kadi. Kuomba taarifa sio kukubali urithi. Ila soma kila karatasi kabla ya kusaini, nimeona fomu ya benki yenye mstari mdogo chini unaosema "kama mrithi aliyekubali". Ukiuona ukate kwa kalamu, au usisaini.

Nyumba. Nunua nota simple (karatasi ya taarifa za nyumba) kwenye Registro de la Propiedad, ofisi ya usajili wa nyumba na ardhi, ni euro 9.02 na VAT juu yake. Utaona nani mmiliki, mkopo uliowekwa juu ya nyumba, na kama imezuiliwa na mahakama. Mkopo unaousoma pale ni wa siku ya kwanza, kiasi kilichobaki kiulize benki.

Majirani. Namaanisha comunidad de propietarios, ule umoja wa wenye nyumba kwenye jengo. Mpigie msimamizi wao umuulize marehemu anadaiwa miezi mingapi. Kwenye majengo ya zamani uliza pia kama wamepitisha matengenezo ya lifti au ya ukuta wa nje, hiyo bili inaweza kuwa inakuja.

Serikali. Halmashauri kwa kodi ya jengo (IBI), Agencia Tributaria yani mamlaka ya kodi, Seguridad Social hasa kama alikuwa amejiajiri. Kodi zinarithiwa, lakini adhabu na faini za kodi hazirithiwi, hizo zinakufa na mwenyewe. Wakikuletea bili iliyochanganya, omba waitenganishe.

Deni la mtu na mtu, lile la "alinikopa mwaka juzi bila karatasi", andika daftarini tu na usiahidi chochote. Najua kwetu msibani inatangazwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa familia. Hapa mtu wa familia akisimama na kusema "sisi tutalipa" amejitia kitanzi.

## Hatua ya 5: Piga hesabu, kwa bei ya leo

Tuchukulie mzee wa Alicante. Nyumba ikiuzwa haraka, sio kwa bei ya ndoto, euro 95,000. Gari 4,000. Benki 2,100. Jumla 101,100.

Madeni: mkopo wa nyumba 61,000, kadi 7,400, comunidad 3,200, IBI ya miaka ya nyuma 900. Jumla 72,500.

Inabaki 28,600. Usishangilie bado. Toa kodi ya urithi, toa plusvalía (kodi ya halmashauri juu ya ardhi ikibadilisha mwenyewe), toa notario na usajili, toa wakala wa kuuza nyumba, toa miezi ya comunidad utakayolipa nyumba ikisubiri mnunuzi. Na kama mko watatu, gawa kwa tatu.

Kodi ya urithi ina saa yake: miezi 6 tangu kifo, na unaweza kuomba nyongeza ya miezi 6 ila uiombe ndani ya miezi 5 ya mwanzo. Kiasi kinategemea mkoa na undugu, mtoto wa marehemu mara nyingi analipa kidogo au hamna kitu, mpwa au rafiki anaumia.

Kipimo changu, na ni changu tu: kama madeni yanayojulikana yamezidi mali, kataa. Kama mali imezidi madeni mara mbili au tatu na ripoti ya CIRBE ni safi, kubali. Kama uko katikati kama huyu mzee wa Alicante, au alikuwa na biashara, au alikuwa mtu wa kudhamini dhamini watu, nenda njia ya katikati ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Chagua moja kati ya tatu

Kukubali moja kwa moja (aceptación pura y simple). Unabeba vyote, mali na madeni, bila kikomo.

Kukubali kwa orodha (a beneficio de inventario). Kwa notario inaandikwa orodha ya mali na madeni yote, wadai wanaitwa, madeni yanalipwa kutoka kwenye mali ya marehemu, kinachobaki ndio chako. Mfuko wako hauguswi na mtu. Ukiangalia vizuri ndio ile ile mirathi tuliyoizoea nyumbani, tofauti ni kwamba hapa lazima uiombe, isipoombwa haipo.

Masharti yake ni makali. Kama tayari unaishi kwenye nyumba ya marehemu au umeshika mali yake, una siku 30 tu tangu ujue kwamba wewe ni mrithi. Kama hujashika kitu muda ni mrefu, lakini siku 30 zinaanza ukishajifanya mrithi au ukishatakiwa ujibu. Orodha yenyewe inaanza ndani ya siku 30 tangu wadai na wengine waitwe na iishe ndani ya siku 60 nyingine. Ukiacha kuandika mali kwa makusudi unapoteza kinga yote. Ina gharama na inachosha, kwa urithi wa euro 3,000 haina maana.

Kukataa (renuncia, au repudiación). Unahesabiwa hukuwahi kuwa mrithi, tangu siku ya kifo. Huwezi kukataa nusu, huwezi kusema nachukua gari nakataa mkopo, wala "nakataa kama itagundulika kuna deni". Yote au hamna. Upenyo upo mmoja: kama wosia umekufanya mrithi na pia umekuachia kitu maalum (legado), unaweza kukataa kimoja ukachukua kingine, lakini kitu hicho kitatoka baada ya wadai kulipwa.

Je kuna mwisho wa kukataa? Tarehe maalum hakuna, ila kuna barua. Mdai au ndugu anayetaka mambo yaishe anaweza kwenda kwa notario akakupelekea taarifa rasmi, na hapo una siku 30 za kalenda kujibu. Ukikaa kimya umekubali moja kwa moja, na madeni yote. Barua ya notario usiiweke juu ya friji. Andika tarehe uliyoipokea, hesabu 30, weka alamu kwenye simu ya siku ya 15. Na usichelewe miaka pia, ukikataa baada ya kodi ya urithi kupitwa na wakati (kama miaka 4 na nusu) wanaichukulia kama umetoa zawadi, na zawadi ina kodi yake.

## Hatua ya 7: Angalia nani yuko nyuma yako kwenye foleni

Ukijitoa, urithi haupotei, unahamia kwa mwingine, na deni linahama nao.

Bila wosia, mtoto mmoja akikataa fungu lake linakwenda kwa ndugu zake waliokubali, watoto wake hawaingii. Lakini watoto *wote* wakikataa, wanaofuata ni wajukuu. Mnakataa nyie watatu mnashusha pumzi, miezi mitatu baadae binti yako wa miaka 9 ndio mdaiwa.

Kwenye wosia inaweza kuwa haraka zaidi. Wosia nyingi za hapa zinasema watoto, "na nafasi yao ishikwe na vizazi vyao". Wewe ukikataa tu, wanao wanaingia hapo hapo hata kama dada yako amekubali. Soma hicho kipengele kabla ya kusaini chochote, litafute neno *sustituidos*.

Mtoto mdogo huwezi kumkatalia kwa saini yako. Kifungu cha 166 kinataka ruhusa ya jaji. Mtoto akiwa amefika miaka 16 na akakubali mwenyewe kwenye hati ya notario, jaji hahitajiki. Jaji akigoma, urithi wa mtoto unapokelewa kwa orodha tu, kwa hiyo hata hapo mtoto analindwa. Anza hilo ombi mapema manake mahakama hazina haraka.

Ushauri wangu, kabla ya kwenda kwa notario fungueni grupu la wosapu la ukoo mzima mpaka baba wadogo na wapwa. Mchore mti. Mkubaliane nani anakataa lini. Ukoo wote ukikataa mwisho wa foleni ni serikali, na serikali yenyewe sheria inaipa kinga ya orodha moja kwa moja, wajanja hao.

Na kama wewe mwenyewe una wadai wako binafsi, jua kwamba wanaweza kumuomba jaji awaruhusu kuupokea urithi kwa jina lako ili walipwe. Kukataa ili kuwakimbia hakusaidii.

## Hatua ya 8: Saini kwa notario, kwa maneno sahihi

Zamani mtu aliweza kupeleka barua mahakamani. Tangu sheria ya 2015 (Ley 15/2015) ni notario tu, kwa hati rasmi. Barua kwa benki, meseji kwa ndugu, karatasi mliyosaini sebuleni mbele ya sheikh au mchungaji, hazina nguvu. Yule anayelalamika "nilikataa mbona wananidai" tisa kati ya kumi alikataa kwa mdomo.

Notario yeyote wa Hispania anafaa, sio lazima wa mji wa marehemu. Beba pasipoti, cheti cha kifo, cheti cha wosia, na nakala ya wosia kama upo. Kama hakuna wosia wala bado hamjatangazwa warithi, wengi wanakubali uandike kwamba unakataa haki zozote zinazoweza kukuangukia. Gharama ni ndogo, ni hati isiyo na thamani ya fedha ndani yake, hesabu makumi ya euro na sio mamia.

Maneno unayoyataka ni haya: renuncia pura, simple y gratuita.

Neno la kuogopa ni "a favor de". Mtu anakaa pale kwa moyo mweupe anasema nakataa ili achukue kaka yangu, na akiandikiwa hivyo sheria inasoma kwamba kwanza umekubali urithi, alafu umempa kaka zawadi. Wewe unadaiwa kodi ya urithi, kaka anadaiwa kodi ya zawadi, na juu yake umekuwa mrithi mwenye madeni. Kama mko wawili tu na hakuna wosia, huna haja ya kumtaja, ukikataa kimya fungu linamfuata lenyewe. Chunguza tu mapema kodi yake itakuwaje manake wakati mwingine inapigwa kwa undugu wako wewe kama ndio wenye kiwango kikubwa.

Kama Kihispania chako ni cha sokoni, omba mkalimani. Notario hatakiwi kukusainisha kitu usichokielewa, na sio aibu kusema rudia.

Utajua umefaulu ukitoka na nakala (copia) yenye namba ya hati, tarehe, jina la marehemu kamili na yale maneno matatu. Chukua nakala mbili. Ile iliyoandikwa copia simple haitoshi kwa kila ofisi, omba na autorizada, yenye saini na muhuri wa notario.

## Kama uko Dar, Nairobi, Muscat au popote nje

Huna haja ya kupanda ndege. Njia ya kwanza ni ubalozi au ubalozi mdogo wa Hispania, balozi anafanya kazi ya notario kwa hati za kutumika Hispania. Ubalozi upo Nairobi na upo Dar es Salaam. Omba miadi kwa barua pepe, eleza neno kwa neno kwamba ni escritura ya renuncia de herencia, na uwatumie skani za nyaraka kabla.

Njia ya pili ni kumpa mtu wa Hispania uwakilishi. Uwe maalum, wenye kutaja kukataa urithi wa fulani bin fulani, uwakilishi wa jumla wa "anisimamie mambo yangu" notario ataukataa. Ukisainiwa kwa wakili wa nchini kwako lazima uthibitishwe. Nchi zilizomo kwenye mkataba wa Apostille wa 1961, mfano Oman, Burundi na Rwanda, ni muhuri mmoja. Isiyokuwemo, ni wizara ya mambo ya nje kwanza kisha ubalozi wa Hispania, na tafsiri ya kiapo juu yake. Uwakilishi usainiwe na kila mrithi wa kwake, kaka mkubwa hawezi kuwasainia wadogo zake eti kwa sababu ndio mkubwa.

## Baada ya kusaini

Benki haijui kwamba umekataa mpaka uiambie. Peleka nakala benki, kwa msimamizi wa comunidad na ofisi ya kodi ikikuandikia, na kila mahali wakugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Funguo za nyumba mkabidhi mrithi anayefuata kwa maandishi, usibaki nazo wala usiendelee kulala pale. Bili zilizokuwa zinakatwa kwenye akaunti yako kwa ajili ya nyumba ya marehemu, zisimamishe.

Kampuni za kununua madeni zitapiga tu, tena saa za chakula. Usibishane, usitaje kiasi, usikubali "tulipe kidogo kidogo". Waombe barua pepe, watumie hati, andika daftarini tarehe na jina la aliyepiga. Mara nyingi wanapotea. Wakirudi kwa barua ya mahakama, hapo angalia siku za kujibu na mpe wakili hiyo nakala autorizada uliyoitoa kwa notario.